Mji Juu ya Ukuta wa Salo

Ndugu msomaji, katika vitabu vidogo vya namna hii tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya majina ya watoto kufatana na kuzaliwa kwao, juu ya dawa za majani, juu ya ngoma na mazishi. Ni vizuri, na mimi mwenyewe nimesoma hayo yote kwa furaha. Leo ninaomba ruhusa ya kuandika juu ya desturi moja ambayo hakuna anayeihesabu kuwa desturi: sisi watu wa Oicha, Beni na Butembo tunatundika miji juu ya ukuta wa salo. Ingia katika nyumba yoyote yenye viti vinne na kitambaa cheupe juu ya meza. Ukutani utaona picha ya Yesu ao ya Maria, utaona diplome ya mtoto ndani ya kioo, na karibu na hapo utaona mji. Magorofa, daraja, maji yenye kung'aa, taa nyingi. Na mji ule hata siku moja si Oicha.

Kwetu nyumbani mji huo ulikuwa na kanisa kubwa jeupe, lenye paa la mviringo kama sufuria iliyofunikwa, na mbele ya kanisa hapakuwa na barabara, palikuwa na maji. Juu ya maji mashua nyeusi nyembamba, na watu wanazipiga kasia wakiwa wamesimama. Ilikuwa karatasi ya kalandari kutoka Italia. Padri mmoja alimpa Papa katika miaka ya 1980, nikiwa bado mtoto, kwa sababu Papa alikuwa amemtengenezea kabati. Papa alikuwa seremala. Alikata sehemu ya tarehe, akabakiza picha, akaifanyia kadre ya libuyu aliyoipiga randa mpaka ikawa laini kama sabuni. Wageni walipouliza ni wapi, alijibu: "Ni Ulaya." Jibu hilo lilitosha.

Lakini jambo moja lilimsumbua, nalo lilikuwa jambo la kazi yake. Alitaka kujua nyumba zile zinasimama juu ya nini. Siku padri alipopita tena, Papa alimuuliza, na padri akamwambia: juu ya miti. Watu wa Venezia walipigilia vigingi ndani ya matope, kimoja kando ya kingine, juu yake wakalaza mbao nene, na juu ya mbao wakaweka mawe. Kwa sababu mti ule umezikwa ndani ya matope na hewa haiufikii, hauozi upesi, unaweza kukaa mamia ya miaka. Kwa kanisa lile la paa la mviringo peke yake, ambalo jina lake ni Santa Maria della Salute, hesabu inayotolewa ni zaidi ya vigingi 1,000,000. Papa alifurahi kuliko kama angepewa pesa. Tangu siku hiyo hakujibu tena "Ni Ulaya." Alikuwa anasimama mbele ya picha na kusema: "Munaona mji huu? Wote unasimama juu ya mbao. Kazi ya seremala." Wafundi wa matofali waliopita kwetu walichoka kusikia habari hiyo.

(Baadaye sana nilisoma kwamba kanisa lile lilikuwa nadhiri. Mwaka 1630 tauni iliua watu wengi sana Venezia, na wakubwa wa mji waliahidi kumjengea Bikira Maria kanisa kama ugonjwa ungeisha. Walianza kujenga mwaka 1631, wakamaliza mwaka 1687. Sisi tuliopita katika Ebola ya 2018 mpaka 2020, tukinawa mikono kwa maji ya kloro mbele ya kila mlango, hatuwezi kuwacheka.)

Tulikuwa na mji wa pili pia. Ulikuwa katika studio ya mpiga picha, karibu na soko. Nyuma ya kiti alitundika kitambaa kikubwa alichokipaka rangi yeye mwenyewe: magorofa matano, daraja, ndege juu ya daraja, na ngazi yenye maua pande mbili. Sikukuu ya Noeli ao siku ya komunyo tulipanga mstari pale, tumepakwa mafuta miguuni, tukapigwa picha mbele ya mji ule. Si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Mombasa pia, kwenye kivuko cha Likoni, wapiga picha wa miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vilivyopambwa kwa mandhari za kuchorwa, na watu waliotoka bara kutafuta kazi walituma picha hizo nyumbani. Mtu anataka aonekane amefika fasi fulani. Ninaomba msomaji akumbuke kitambaa hiki, nitarudi kwake.

Niliposoma ISP, nilisomea kufundisha Kifaransa. Lakini ninyi mnajua shule zetu: mwalimu akikosekana, kozi yake inaangukia yule aliye karibu. Mwaka wangu wa tatu wa kazi prefe alinipa kozi ya estetiki katika madarasa ya juu ya sekondari. Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na fotokopi kumi na mbili, nyeusi mno, na katika zile kumi na mbili, ya saba ilikuwa mji wa Papa. Niliitambua kwa paa la kanisa. Chini yake palikuwa jina: Canaletto. Nilikaa nayo mezani usiku ule mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Canaletto jina lake kamili ni Giovanni Antonio Canal. Alizaliwa Venezia mwaka 1697, akafa huko mwaka 1768. Baba yake alikuwa fundi wa kuchora mapazia ya teatre, ndiyo kusema alichora miji ya uongo nyuma ya waigizaji, sawasawa na yule wetu wa studio. Mtoto alijifunza kazi hiyo kwanza, kisha akaiacha, akatoka inje kuchora mji wenyewe. Waitalia wanaziita picha hizo vedute, ndiyo kusema mambo yanayoonekana. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mbele yake kulikuwa Luca Carlevarijs, nyuma yake Francesco Guardi. Lakini yeye njo alijulikana kupita wote.

Kwa nini alijulikana? Hapa kozi yetu ya estetiki inajibu: perspektive, mwanga, usawa wa mistari. Mimi pia nilifundisha hivyo miaka mingi, na wanafunzi waliandika na kusahau. Sasa ninaona tulianzia mlango wa nyuma. Ulizo la kwanza linapaswa kuwa: ni nani aliyelipa? Waliolipa hawakuwa watu wa Venezia. Walikuwa hasa vijana matajiri wa Uingereza, ambao baba zao waliwatuma kuzunguka Ulaya mwaka mmoja ao miwili kusudi wakomae kabla ya kurithi mali. Walifika Venezia, wakacheza, wakalewa, na walipotaka kurudi walihitaji kitu cha kuonyesha nyumbani. Mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeishi Venezia, Joseph Smith, ndiye aliyekuwa katikati: alipokea wateja, akampa Canaletto kazi, na yeye mwenyewe alikusanya picha karibu 50 ambazo mwaka 1762 alimuuzia mfalme George wa Tatu. Vita vilipoanza Ulaya katika miaka ya 1740 na wasafiri wakapungua, Canaletto hakungoja. Aliwafuata wateja wake kwao, akakaa Uingereza kuanzia mwaka 1746 mpaka 1755, na kuna miezi ambapo alirudi kwao kidogo. Kwa hiyo picha hizi zote zilifanywa kwa ajili ya mtu anayeondoka. Sisi tulipozitundika Oicha tulikuwa tunatundika zawadi ya safari ambayo hatukuifanya.

Fundi mwenyewe alifanyaje kazi? Wengi wanaamini kwamba alitumia sanduku la giza, ingawa wataalamu wanabishana ni mara ngapi. Ni sanduku lenye tundu na kioo; mwanga unaingia, na mji unaangukia juu ya karatasi, mdogo, na rangi zake zote, ukingojea kalamu. Niliposoma hayo nilitaka kujaribu. Tulichukua kartoni ya sabuni, tukatoboa tundu kwa sindano, upande wa pili tukaweka karatasi iliyopakwa mafuta ya mawese, tukafunika kichwa kwa pagne nyeusi. Tulisimama kando ya barabara kubwa, ile RN4 inayotoka Beni kwenda Eringeti na Komanda. Mwanafunzi wa kwanza kuingiza kichwa alipiga kelele: "Mwalimu, Oicha imepinduka!" Ndiyo, bila kioo cha kuigeuza, picha inakuja kichwa chini. Mapikipiki yalipita yakining'inia kama popo, manjanja ya nyumba yalikuwa chini na matope juu, mama mwenye kitunga cha nyanya alitembea mbinguni. Darasa zima lilipanga mstari. Wazee waliopita waliuliza kama shule inafundisha uchawi. Ninafikiri ni siku bora ya miaka yangu yote ya ualimu, na haikunigharimu kitu isipokuwa kartoni.

Siku ile nilielewa pia kitu ambacho fotokopi haikuniambia: Canaletto hakunakili. Sanduku linatoa yote, kitako cha mbuzi na kinyesi cha ng'ombe, na mchoraji anachagua. Alisogeza nyumba, alipanua mfereji, aliunganisha mambo yanayoonekana kutoka fasi mbili tofauti akafanya ionekane ni fasi moja. Lakini pale alipoangalia, aliangalia kweli. Katika Makumbusho ya Taifa ya Uchoraji mjini London kuna picha yake ya karibu mwaka 1725 inayoitwa Uwanja wa Wachonga Mawe. Hakuna fahari ndani yake. Kuna vibanda vya mbao, mawe yametapakaa, wanaume wanachonga, nguo zimeanikwa, mtoto ameanguka na mama yake anamkimbilia. Ungeweza kuiweka Butembo. Nyuma ya maji kuna kanisa na mnara wake, na mnara ule ulianguka katika miaka ya 1740, haukujengwa tena. Anayetaka kuuona leo lazima aende kwenye picha.

Na kuna jambo la ajabu kuliko hilo. Chini ya kuta za nyumba za Venezia kuna mstari wa kijani, ukungu wa maji ya bahari, unaoonyesha maji yanapofika kila siku. Canaletto aliuchora mstari ule kwa uaminifu, yeye na mpwa wake Bernardo Bellotto. Wanasayansi wa Italia walikwenda na picha hizo mbele ya nyumba zilezile, wakapima mstari wa zamani na mstari wa sasa, na mwaka 2003 walitoa jibu: tangu siku za wachoraji wale, maji yamepanda kwenye kuta kwa karibu sentimita 60, bahari kupanda na mji wenyewe kuzama vikijumlishwa. Mchoraji alitaka kufurahisha vijana wa Uingereza, kumbe alikuwa anaandika daftari la bahari. Papa hakuishi mpaka kusikia hilo. Ningependa kuona uso wake, maana angeuliza mara moja juu ya vigingi.

Sasa, mtu ataniambia: Mwalimu, hayo ni ya wazungu, sisi hatukuwa na wachoraji wa miji. Si kweli. Katika inchi yetu wenyewe, na kwa Kiswahili, kulikuwa na kazi hiyo. Lubumbashi, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji walipita nyumba kwa nyumba wakiuza picha kwa wafanyakazi wa migodi na makarani. Walichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Kati ya picha zilizopendwa ilikuwemo ile ya kiwanda cha shaba: bomba refu la moshi, mlima mweusi wa takataka za shaba, nyumba chini yake. Ni veduta kabisa! Anayejulikana zaidi kati yao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Alichora historia yote ya inchi, na picha 101 za mwaka 1973 na 1974, pamoja na maneno yake ya Kiswahili, zilitiwa katika kitabu na profesa Johannes Fabian mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea. Tangu karibu mwaka 1981 hakuonekana.

Watu wa Lubumbashi waliziita picha hizo ukumbusho. Angalieni neno lenyewe. Mwingereza alinunua mji kusudi aseme "nilifika huko." Mfanyakazi wa Lubumbashi alinunua bomba la moshi analoliona kila asubuhi kutoka mlangoni pake! Hakuhitaji kuonyeshwa lilivyo. Aliliweka salo kusudi mgeni akikaa, mazungumzo yaanze: nani alifanya kazi pale, nani alikufa pale, siku ya mugomo ilikuwaje. Ni picha ya mtu anayebaki. Huku kwetu kaskazini, sijui kwa nini, tulibaki na miji ya wengine. Sisi tulikuwa na kalandari.

Ninakuja sasa kwenye jambo lililonifanya niandike. Yule mpwa, Bellotto, mtoto wa dada yake Canaletto, alijifunza kazi kwa mjomba kisha akaondoka. Alichora Dresden, na kuanzia mwaka 1767 alikaa Warsaw, mji mkuu wa Polandi, akimfanyia kazi mfalme Stanisław August mpaka alipokufa huko mwaka 1780. Wapolandi wanamwita naye Canaletto, hawajali. Alichora barabara za Warsaw zaidi ya mara 20: makanisa, nyumba za wakubwa, lakini pia wauza mboga, mbwa, magari ya farasi yaliyovunjika gurudumu. Mwaka 1944, kiisha maasi ya watu wa Warsaw kushindwa, Wajerumani waliwatoa wenyeji waliobaki, wakachoma na kulipua mji nyumba kwa nyumba. Ilikuwa amri, haikuwa ajali ya vita. Vita vilipokwisha, karibu asilimia 85 ya mji ilikuwa imebomoka. Watu walirudi hata hivyo. Wakaamua kuijenga Warsaw ya zamani mahali pake, na kwa kuijenga walitumia vipimo ambavyo walimu na wanafunzi wa usanifu walikuwa wamevichora, walitumia fotografia, na walitumia picha za Bellotto, ambazo zilikuwa zimebebwa Ujerumani na zikarudishwa. Mwaka 1980 mji ule wa zamani uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ijapokuwa kuta zake zilikuwa na umri mdogo kuliko mimi sasa.

Na kama mjomba wake, Bellotto alikuwa anarekebisha. Fasi fulani aliongeza pambo, fasi nyingine alinyoosha ukuta. Wajenzi walimfuata, na kwa hiyo kuna nyumba Warsaw ambazo zinafanana na picha kuliko zilivyofanana na nyumba za kweli. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki.

Oicha si mji wa zamani. Ni makao makuu ya teritware ya Beni, kilometa karibu 30 kaskazini ya mji wa Beni. Wengi inje wanaijua kwa sababu ya hospitali, ambapo munganga Mmarekani Carl Becker alifanya kazi tangu mwaka 1934 mpaka fujo za 1964, na wagonjwa wa ukoma walifika pale kwa maelfu. Kuna soko, kuna makanisa, kuna magunia ya kakao na mbao kando ya barabara. Nyumba nyingi ni potopoto na manjanja. Hakuna kijana wa Uingereza ambaye angeagiza picha yake. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika teritware yetu, tumeona jinsi fasi inavyoweza kutoka. Vijiji ambavyo wanafunzi wangu walizaliwa vimekuwa pori. Watu walikimbilia Oicha, tukawaita badeplase, kisha Oicha yenyewe ikashambuliwa, tukakimbia sisi.

Mwaka mmoja, tuliporudi darasani baada ya kufunga kwa majuma mengi, sikuwa na moyo wa kufundisha Renesansi. Niliwapa karatasi na kuwaambia: chora barabara ya kwenu. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kijiji chake kilichomwa, aliinua mkono. Aliniuliza: "Mwalimu, nichore vile iko, ao vile ilikuwaka?"

Nilisimama na chaki mkononi. Ningejibu nini? Nikisema vile iko, atachora majani. Nikisema vile ilikuwaka, nani atasahihisha? Nilimwambia achore vile anavyojua. Alichora nyumba tisa, mwembe, kanisa dogo, na duka la baba yake lenye rafu. Rafiki yake aliyetoka kijiji kilekile alikuja kuangalia, akaanza kubisha: kanisa lilikuwa upande huu, duka halikuwa kubwa hivyo. Wakabishana mpaka kengele. Sikuwazuia. Kwa nusu saa kijiji kile kilikuwa na watu wawili ndani yake. Karatasi zile ninazo bado, 41, katika sanduku la bati, na nimewahi kukimbia nalo mara mbili.

Nyumba ya wazazi wangu ilichomwa usiku mmoja wa mwaka 2020. Papa alikuwa amekwisha kufa, na Mama alikuwa amelala kwangu katikati ya mji, tunamshukuru Mungu. Kadre ya libuyu, Venezia, kabati, vyote vilikwisha. Mama alipotaka kujenga tena, alisema kitu kimoja tu: iwe kama ile. Hapo njo tuliona umaskini wetu. Wadogo zangu wawili walianza kubishana mlango wa jikoni ulikuwa upande gani. Mmoja alisema veranda ilikuwa na nguzo tatu, mwingine nne. Mimi mkubwa sikuwa na uhakika. Nikasema: tutafute fotografia. Dada yangu wa Butembo alileta bahasha yake, na mimi yangu. Tulikuwa na fotografia kumi na saba za familia. Katika zote kumi na saba tuko mbele ya kitambaa cha studio: magorofa matano, daraja, ndege, ngazi yenye maua. Hakuna hata moja yenye nyumba yetu.

Tulinyamaza. Kisha Mama, ambaye sijawahi kumwona akichora hata mstari, alichukua chaki katika mfuko wangu wa kazi, akapiga magoti juu ya simenti ya jikoni kwangu, akachora nyumba. Alianza na jiko, kwa sababu ndiyo fasi yake. Alihesabu kwa hatua za mkono: kutoka jiko mpaka mtungi, kutoka mtungi mpaka mlango. Nguzo tatu. Kisha chumba cha kulala, na katika ukuta wa chumba, upande jua linakotoka, akachora dirisha.

Mdogo wangu alisema polepole: "Mama, dirisha lile halikuwako."

Mama hakuinua kichwa. "Liliko. Papa yenu alisema atalifanya."

Ni kweli, alisema. Alisema kila mwaka, na mbao yake aliitayarisha, na kazi za watu wengine zilikuwa zinatangulia, kama kwa kila seremala. Fundi alipokuja kuomba vipimo tulimpeleka jikoni, akapima mistari ya chaki kwa kamba, na dirisha akalipima pia. Hakuna aliyemwambia kitu.

Mwaka jana nilikwenda kwa mtu wa fotokopi na kumwomba anitolee picha ile ya kanisa la Salute kutoka kwenye intaneti. Rangi ilikuwa bei ya juu, nikatoa nyeusi na nyeupe. Nilimpelekea Mama. Aliishika mbele ya dirisha, akaitazama muda mrefu, akaniambia si yenyewe, ile ya Papa ilikuwa na mashua mingi zaidi. Lakini aliniomba musumari.